Tunamwambia nani? Kitendawili cha faragha mitandaoni

Mtoto amezaliwa usiku. Asubuhi picha yake iko mtandaoni: macho bado yamefumba, mkononi ana kile kibandiko cha hospitali, na chini ya picha baba ameandika jina kamili la mtoto, tarehe, saa, uzito na jina la mama, akimshukuru kwa ushujaa wake. Kabla ya saa sita mchana zimeshamiminika pongezi mia mbili. Hakuna aliyefanya ubaya hapo. Lakini ndani ya mistari mitatu ya furaha, kiumbe ambaye hajajua hata kunyonya vizuri ametolewa hadharani jina lake, siku aliyozaliwa, mahali alipozaliwa na jina la mama yake. Hayo ndiyo mambo ambayo benki na ofisi zitakuwa zikimuuliza kwa maisha yake yote ili zihakikishe kwamba yeye ni yeye.

Mwulize baba huyo kama anajali faragha. Atakwambia anajali, tena sana, na hatakuwa anasema uongo. Simu yake ina nywila. Nyumba yake ina mapazia. Mshahara wake hawaujui hata ndugu zake wa tumbo moja. Inakuwaje basi mtu anayefunga mapazia jioni aamke asubuhi na kuanika habari za mtoto wake mbele ya watu asioweza hata kuwahesabu?

Watafiti wameliita jambo hili kitendawili cha faragha. Barry Brown aliligusa mwaka 2001 alipozungumza na wanunuzi wa mtandaoni waliokuwa na hofu ya kufuatiliwa, akakuta watu hao hao wanatumia bila wasiwasi kadi za pointi za maduka makubwa, kadi ambazo kazi yake hasa ni kuandika kila wanachonunua. Mwaka 2006 Susan Barnes akalihamishia kwenye mitandao ya kijamii, akiwaangalia vijana wa Marekani. Mwaka uliofuata Patricia Norberg na wenzake wakalipima. Waliwauliza watu ni taarifa zipi wangekuwa radhi kuzitoa, wakakaa wiki kadhaa, kisha wakarudi kuziomba kwa kweli. Watu walitoa nyingi kuliko walizosema wangetoa.

Huko Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Ralph Gross na Alessandro Acquisti walikuwa wameshafungua kurasa za Facebook za zaidi ya wanafunzi 4,000 wa chuo hicho mwaka 2005. Karibu asilimia 88 walikuwa wameweka tarehe ya kuzaliwa, karibu asilimia 40 namba ya simu, na nusu yao mahali wanapoishi. Waliokuwa wamegusa mipangilio ya faragha walikuwa wachache mno.

Majibu ya haraka, na kwa nini hayatoshi

Kitendawili kikitegwa, wapo wanaojibu kabla hakijamalizika. Jibu la kwanza: watu hawajui hatari. La pili: wanapenda kuonekana. La tatu, ambalo wenye kampuni za mitandao walilipenda kuliko yote: watu hawajali tena, dunia imebadilika. Januari 2010 Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, alisema hadharani kwamba watu wamezoea kutoa habari nyingi zaidi, kwa uwazi zaidi na kwa watu wengi zaidi, na kwamba desturi ya jamii ndiyo iliyobadilika.

Kila jibu lina chembe ya ukweli, lakini ukiangalia watu wanachofanya, la tatu linaanguka kabisa. Sauvik Das na Adam Kramer walifuatilia watumiaji milioni 3.9 wa Facebook kwa siku 17, wakitafuta kitu kimoja: mtu ameanza kuandika, kisha hakutuma. Asilimia 71 walifanya hivyo angalau mara moja katika siku hizo. Waliandika, wakasita, wakafuta. Mtu asiyejali hafuti. Anayefuta amekaa na sentensi yake akaipima: nani ataisoma, ataichukuliaje, itanirudiaje.

Utafiti mwingine wa Carnegie Mellon unanigusa zaidi kwa sababu ulikuwa na subira. Fred Stutzman, Gross na Acquisti waliwafuata watumiaji 5,076 wa Facebook tangu 2005 hadi 2011. Mwaka baada ya mwaka watu hao walizidi kujifunga: taarifa walizoacha zionekane na wageni zilipungua. Walikuwa wanajifunza, polepole, bila kufundishwa na mtu. Halafu, kuelekea mwisho wa 2009 na kuingia 2010, mtandao wenyewe ukabadilisha sera na mipangilio yake, na sehemu ya kazi hiyo ya miaka ikarudi nyuma. Kuna jambo la pili katika utafiti huo ambalo ni zito kuliko la kwanza. Kadiri watu walivyojificha kwa wageni, ndivyo walivyozidi kuwafungukia marafiki, na kila walichowafungukia marafiki kilipita kwa kampuni yenyewe, kwa programu zilizounganishwa nayo na kwa watangazaji wa biashara. Watafiti waliwaita hao wasikilizaji wa kimya.

Kwa hiyo mwaka ule ule tulioambiwa kwamba watu wameacha kujali, watu walikuwa wanafunga madirisha, na mwenye nyumba alikuwa anayafungua.

Siri, faragha, sitara

Kiswahili kina maneno matatu yanayotusaidia hapa kuliko nadharia nyingi. Siri ni jambo nisilotaka mwingine alijue. Faragha ni hali ya kuwa peke yangu, au na wale ninaowataka tu. Sitara ni kile kinachonifunika mbele ya watu ili niweze kukaa nao bila kuaibika, ndiyo maana tunaombeana kusitiriwa. Mwenye sitara hajajificha. Yuko katikati ya watu, amevaa.

Mjadala mwingi kuhusu mitandao unauliza habari za siri wakati watu wanahangaikia sitara. Tunasema: kama hutaki ijulikane, usiweke. Kana kwamba kuna makundi mawili tu ya habari, zilizofichwa na zilizotolewa, na ikishatolewa basi ni ya kila mtu. Hakuna anayeishi hivyo. Ugonjwa wangu si siri kwa daktari. Si siri kwa dada yangu. Lakini daktari akimpigia mwajiri wangu na kumsimulia, amenivua nguo, hata kama kila alichosema ni kweli na hata kama mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia.

Mwanafalsafa Helen Nissenbaum ndiye aliyelijengea jambo hili hoja kamili, kuanzia mwaka 2004. Kwa maneno yake faragha ni kuheshimu muktadha: kila taarifa inapotoka kwa mtu inaondoka na masharti, mengi yake hayajasemwa, kuhusu nani aipokee na aitumie kwa kazi gani. Faragha inavunjwa pale taarifa inapovuka kwenda mahali ambapo masharti hayo hayakuwahi kukubaliwa. Ukiitazama hivyo, yule baba wa mwanzo hajipingi. Aliwaambia ndugu na marafiki kwamba amepata mtoto, jambo ambalo binadamu amekuwa akilifanya tangu awepo. Hakumwambia mwizi wa utambulisho, wala mfanyabiashara wa orodha za wazazi wapya, wala mfumo unaojifunza sura za watu. Hao hawakuwa kichwani mwake hata kidogo.

Sasa kwa nini hawakuwa kichwani mwake? Hapo ndipo penye kazi.

Hadhira tunayoiona na hadhira iliyopo

Mtu akisimama kuzungumza mbele ya watu, mwili wake unajua. Sauti inabadilika, viganja vinatoka jasho, macho yanatafuta uso anaoufahamu. Anachagua maneno kufuatana na waliopo, na akiona mgeni ameingia mlangoni anakatiza. Ujuzi huu tumeupata kwa maelfu ya vizazi na hauhitaji kufikiri.

Simu inauzima wote. Mtu amelala kitandani, taa imezimwa, ameshika kifaa kidogo karibu na uso wake kama anavyomkaribia mtu wa kumnong'oneza. Kila kitu katika mazingira yale kinamwambia kwamba yuko faraghani. Anapoandika anaona akilini nyuso tatu au nne, wale ambao huwa wanamjibu, na anawaandikia hao. Mwaka 2013 Michael Bernstein na wenzake, wakitumia kumbukumbu za Facebook za watu wapatao 220,000, walilinganisha idadi ya watu ambao mtu hudhani wameiona posti yake na idadi ya walioiona kweli. Makisio ya watu yalikuwa karibu asilimia 27 tu ya hadhira halisi. Kwa kila uliyemfikiria, walikuwepo wengine karibu watatu ambao hukuwafikiria.

Na hiyo ni idadi tu. Kuna pia mchanganyiko wao. Kila mtu ana sauti zaidi ya moja: ya kazini, ya kwa wakwe, ya kwa marafiki wa utotoni, ya kwa watoto wake. Si unafiki, ni adabu. Huwezi kumtania mkweo kama unavyomtania uliyesoma naye. Alice Marwick na danah boyd walieleza jinsi mtandao unavyoziporomosha kuta kati ya sebule hizo, ukawaketisha bosi, mkwe, mpenzi wa zamani na mwanafunzi wako kwenye mkeka mmoja, kisha ukakuomba useme neno moja litakalowafaa wote. Wapo wanaoshindwa na kunyamaza. Wapo wanaofungua akaunti mbili. Wengi wanachagua kundi moja akilini na kuwasahau waliobaki, na matatizo mengi tunayoyaona, mtu kufukuzwa kazi kwa utani wa marafiki, ndugu kusikia habari ya talaka kupitia picha, yanatoka hapo.

Hadhira ya mtandaoni ina kundi jingine ambalo halipo mahali popote penye mkusanyiko wa watu: wasiozaliwa bado, au waliozaliwa lakini hawajafika. Mwajiri wa miaka kumi ijayo anasoma posti ya leo. Mtoto yule aliyepigwa picha na kibandiko mkononi atakuwa kijana, naye atakuta utoto wake wote umeshasimuliwa na mtu mwingine, pamoja na siku aliyolia na siku aliyojikojolea. Mkutano wa kawaida huisha watu wakaenda nyumbani. Huu hauna kuondoka.

Kusema kuna faida, na faida hiyo ni ya kweli

Wanaoandika kuhusu hatari za mitandao mara nyingi hulipita jambo hili haraka, nami naona ndipo wanapowapoteza wasomaji. Kujieleza kunampa mtu kitu. Diana Tamir na Jason Mitchell wa Harvard walionyesha mwaka 2012 kwamba mtu anapozungumza habari zake mwenyewe, ubongo unaamka katika sehemu zile zile zinazoamka anapopata malipo. Waliwapa washiriki nafasi ya kuchagua kati ya kujibu maswali kuhusu wengine kwa fedha zaidi na kujieleza wenyewe kwa fedha kidogo, na kwa wastani watu waliacha kati ya asilimia 17 na 25 ya ambacho wangepata ili wapate kujisemea. Katika mazungumzo ya kawaida, kati ya asilimia 30 na 40 ya tunayosema ni habari zetu wenyewe. Mtandao haukuanzisha tabia hiyo. Uliikuta.

Halafu urafiki wenyewe umejengwa kwa malighafi hii. Nikikuambia jambo langu, nimekupa kitu cha kunidhuru nacho, na kwa kukupa nimekuambia nakuamini. Wewe unarudisha lako. Hivyo ndivyo watu wawili wasiojuana wanavyogeuka marafiki, kidogo kidogo, kwa kupokezana. Mwelekeo huu una nguvu kiasi kwamba hata mashine inaufaidi: mwaka 2000 Youngme Moon alionyesha kwamba kompyuta ikitanguliza kueleza "habari zake" kabla ya kuuliza swali, watu wanaijibu kwa undani zaidi. Sasa fikiria ukurasa ambao kila ukiufungua unakuta watu ishirini wameshakueleza yao. Deni linajihisi lenyewe.

Na kuna ambao kwao kusema ni uhai. Mwanamke aliyepoteza mimba tatu na hakuwahi kuzungumza na yeyote, hadi alipokutana mtandaoni na wanawake wengine kumi waliopita njia hiyo. Mgonjwa wa maradhi yasiyojulikana na madaktari wengi. Mtu anayelazimika kuficha alivyo nyumbani kwao. Kumwambia mtu kama huyo "ungenyamaza ungekuwa salama" ni kumrudisha kwenye upweke aliotoka, na upweke nao ni hatari, ingawa hauna ofisi ya kuripotia.

Madhara yasiyo na sura

Weka faida hiyo upande mmoja wa mizani. Inakuja mara moja, ndani ya dakika, ina majina na nyuso na mioyo myekundu. Upande wa pili weka madhara. Yako mbali kwa wakati, hayana hakika, na kila posti peke yake inachangia kiasi kidogo sana. Acquisti alieleza mwaka 2004 kwa nini hata mtu mwenye akili timamu na taarifa kamili angeyumba hapa: sisi wote tunakipa cha leo uzito kuliko cha kesho, na kadiri kesho inavyokuwa mbali ndivyo inavyopoteza uzito.

Mimi ningeongeza sababu nyingine. Moto unafundisha kwa sababu unaunguza mkono ule ule uliougusa, palepale. Faragha haifundishi hivyo. Mkopo uliochukuliwa kwa jina lako miaka sita baadaye haukuambii ulitokana na posti ipi. Kazi uliyonyimwa hupewi sababu yake. Bei ya bima iliyopanda haina maelezo. Mtu anaumizwa, lakini hajui ameguswa na nini, kwa hiyo hajifunzi kitu, na rafiki yake anayemtazama hajifunzi pia.

Mfano mzuri wa jinsi chembe ndogo zinavyokusanyika ni ule wa namba za hifadhi ya jamii za Marekani, ambazo nchini humo ni ufunguo wa karibu kila kitu. Acquisti na Gross walionyesha mwaka 2009 kwamba kwa kujua tu siku na jimbo alilozaliwa mtu, unaweza kuikisia namba yake. Walipojaribu kwa kumbukumbu za watu waliokufa, walipatia tarakimu tano za mwanzo kwa jaribio moja kwa asilimia 44 ya waliozaliwa baada ya 1988. Mwaka 2011 utaratibu wa kutoa namba hizo ukabadilishwa uwe wa kubahatisha. Lakini waliokuwa nazo tayari walibaki nazo. Siku ya kuzaliwa, ambayo watu huiweka ili watakiwe heri, ilikuwa nusu ya ufunguo.

Nyumba iliyojengwa ili tuseme

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mtu yuko peke yake na maamuzi yake. Hayuko. Kisanduku kinachomuuliza anafikiria nini kiliwekwa hapo na mtu. Rangi ya kitufe, idadi ya walioipenda, kengele inayolia mwenzako akikutaja, mipangilio anayoikuta tayari siku ya kwanza, yote yalipimwa na kupimwa tena hadi yakaonekana yanawafanya watu waseme zaidi, kwa sababu biashara inalipwa kwa wanachosema.

Leslie John, Acquisti na George Loewenstein waligundua mwaka 2011 jambo ambalo bado linanishangaza. Waliuliza watu maswali ya aibu kupitia kurasa mbili: moja rasmi yenye nembo ya chuo kikuu, nyingine iliyoonekana ya mchezo mchezo. Watu walikiri zaidi kwenye ile ya mchezo, ambayo kwa akili ya kawaida ndiyo iliyopaswa kuaminiwa kidogo. Ukurasa rasmi uliwakumbusha kwamba kuna kitu cha kulinda. Wa mchezo uliwasahaulisha.

Wenzao wakiongozwa na Laura Brandimarte wakaja na jingine mwaka 2013. Ukimpa mtu vitufe zaidi vya kudhibiti nani achapishiwe habari zake, anatoa habari nyeti zaidi, hata pale ambapo hatari ya watakaozisoma na kuzitumia haijapungua. Anahisi ameshika usukani. Ndiyo maana sishangilii kila mara kampuni inapotangaza ukurasa mpya wa mipangilio ya faragha. Kitufe kinadhibiti marafiki wataona nini. Hakidhibiti mwenye kitufe anaona nini.

Na vigezo na masharti, je? Tunaambiwa tulikubali. Jonathan Obar na Anne Oeldorf-Hirsch walitengeneza mtandao wa kijamii wa uongo, wakaweka ndani ya masharti kwamba mtumiaji atalipa kwa kumtoa mtoto wake wa kwanza. Kati ya wanafunzi 543, asilimia 98 hawakukiona kifungu hicho. Wapo wanaowacheka wanafunzi hao, mimi siwezi. Aleecia McDonald na Lorrie Cranor walishapiga hesabu mwaka 2008 kwamba mtu akisoma sera za faragha za kurasa zote anazotembelea, itamchukua zaidi ya saa 200 kwa mwaka. Hakuna mtu mwenye saa hizo, na walioandika sera hizo wanalijua hilo.

Usiyoyasema

Siri ya mtungi aijuaye kata. Marafiki wanaona mtungi kwa nje; kampuni ndiyo kata, inaingia hadi chini.

Mwaka 2013 Michal Kosinski, David Stillwell na Thore Graepel walichukua "laiki" za Facebook za watu wa kujitolea zaidi ya 58,000. Hawakusoma posti zao, waliangalia tu walivyovipenda. Ukiwapa watu wawili wa Marekani, mmoja wa chama cha Democratic na mwingine wa Republican, mfumo wao uliweza kutambua yupi ni yupi mara 85 kati ya 100. Ulikisia rangi, dini, hata mwelekeo wa kimapenzi wa watu ambao wengi wao hawakuwa wamependa ukurasa wowote unaohusu jambo hilo waziwazi. Hapa swali la kwa nini watu wanatoa habari zao linaanza kupoteza maana. Hawakutoa. Zilichotwa.

Wala si lazima uwepo. James Bagrow na wenzake, wakichunguza karibu watu 14,000 wa Twitter, walionyesha mwaka 2019 kwamba maandishi ya marafiki wanane au tisa yanabeba takriban asilimia 95 ya uwezo wa kutabiri utakachoandika wewe. Mwaka 2018 dunia ilisikia habari za Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa: watu kama 270,000 waliweka kwenye Facebook programu ya dodoso, na kupitia kwao zikachukuliwa taarifa za watu hadi milioni 87. Facebook ilipigwa faini ya dola bilioni 5 mwaka uliofuata. Mamilioni hao hawakuwa wamebofya chochote. Mwezi Januari wa mwaka ule ule wa 2018 iligundulika kwamba ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, iliyochora njia za wakimbiaji duniani kote, ilikuwa imechora pia mizunguko ya askari ndani ya kambi za kijeshi. Kila askari aliweka mbio zake tu.

Watu wengi wanalihisi hili hata kama hawana majina ya tafiti. Ndiyo maana utasikia: "Wameshajua kila kitu, kuna nini cha kuficha tena?" Nora Draper na Joseph Turow wanaiita hali hiyo kukata tamaa kidijitali, na wanasisitiza kwamba haikuja yenyewe, inapandwa na kumwagiliwa na wanaofaidika nayo. Nakubaliana nao. Mtu aliyekata tamaa anafanana sana na asiyejali ukimwangalia kutoka kwenye takwimu. Ukimsikiliza anavyosema, utasikia tofauti.

Shangazi

Miaka michache iliyopita shangazi yangu alilazwa. Nilimpiga picha kitandani, ya upole, mkono wake tu na mrija, nikaiweka mtandaoni nikiomba watu wamwombee. Waliitikia mamia. Nilijisikia nimebebwa. Alipopata nguvu ya kushika simu alikuta salamu za watu aliofanya nao kazi miaka ishirini iliyopita, wote wakiujua ugonjwa wake kwa jina. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniuliza, mwanangu."

Mtafiti Sandra Petronio anaeleza kwamba habari tukishapewa tunakuwa wamiliki wenza, pamoja na yule aliyetupa, na ugomvi mwingi wa faragha ni ugomvi wa wamiliki wenza ambao hawakukubaliana mipaka. Nilikuwa nimeusoma ufafanuzi huo kabla. Haukunijia kichwani siku ile pale wodini. Kilichonijia ni watu wanne niliotaka wanishike mkono.

Niliifuta picha. Miezi mitano baadaye, siku aliyopewa ruhusa ya kurudi kazini, shangazi aliweka picha yake mwenyewe: amesimama, amevaa nguo ya kijani anayoipenda, na chini ameandika jina la ugonjwa, muda aliolazwa na jina la wodi. Aliandika zaidi kuliko nilivyokuwa nimeandika mimi, na waliosoma walikuwa wale wale.